Mwaka wa Majivu ya Bi Zena

Mimi sikumlipua mkaguzi. Naanza na hilo kwa sababu juzi, kwenye msiba wa Bi Zena kule Kilosa, Mwalimu Sospeter alinishika mkono, akanipeleka mbele ya vijana waliokaa kwenye viti vya plastiki, akasema kwa sauti ya mtu anayetambulisha mgeni rasmi, "Huyu mnayemwona ndiye aliyemlipua mkaguzi." Vijana wakasimama wote, shikamoo, shikamoo, shikamoo, nami nikaitikia marahaba kama sita hivi kabla sijapata nafasi ya kukanusha. Sospeter ni rika langu, amestaafu kama mimi, na siku ile alikuwepo. Tena ndiye aliyevuta bati. Anajua fika kwamba hakuna kilicholipuka. Lakini hadithi ikipita midomo mingi inanenepa, na hii imekuwa ikinenepa Kilosa miaka yote hii wakati mimi nimejikalia Mikumi, kwenye kanyumba kangu nyuma ya barabara kuu ya malori, nagombana na tembo wanaokula migomba yangu. Nimerudi nyumbani na hasira zangu, nimechukua daftari, na sasa naandika ilivyokuwa.

Wala si Sospeter peke yake. Mmoja wa vijana wale, mjukuu wa marehemu, alikuwa na video kwenye simu: mlima wa nchi ya mbali ulikuwa ukitapika, na wingu zito la kijivu lilikuwa likiteremka ubavuni kwa kasi ya ajabu. "Oya, cheki moshi huo," akamwambia mwenzake. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia huo si moshi, moshi unapanda, hicho kinashuka. Kinashuka kwa sababu ni majivu na vipande vya mawe vilivyochanganyika na gesi ya moto, mchanganyiko mzito kuliko hewa. Gesi hiyo inajipenyeza katikati ya chembe na kuzizuia zisikwaruzane, ndiyo maana kitu kikavu kabisa kinatiririka kama maji, na kwa kasi ya kuliacha gari. Nikaendelea hivyo mpaka mama mmoja aliyekuwa akipakua wali akanigeukia, "Mwalimu, hapa ni msibani." Yule kijana akairudisha simu mfukoni, akaniamkia upya. Bi Zena angekuwa hai angeniambia nipaze sauti, maana yeye ndiye mtu wa kwanza kulisikia somo hilo kutoka kinywani mwangu, akiwa upande wa pili wa ukuta.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nimetoka chuoni, nimepangiwa shule ya msingi moja pale Kilosa, mwalimu wa majaribio. Maana yake ilikuwa kwamba kabla mwaka haujaisha angekuja mkaguzi, akae nyuma ya darasa na kuandika. Akiandika vizuri, nathibitishwa kazini. Akiandika vibaya, nafunga sanduku. Mwenzangu niliyesoma naye chuo, aliyepangiwa shule ya jirani, alikaguliwa mwezi wa tano, na mwezi wa sita nilimsindikiza stesheni akiwa na godoro lake kichwani. Hakulia, nililia mimi. Mimi nyumbani walishanichinjia mbuzi wa kuniaga, ukoo mzima ukamla na mifupa ikatafunwa, na sikuona ningewezaje kurudi na kuwatazama usoni watu waliomla mbuzi yule. Zaidi ya hapo, niliipenda kazi. Naona haya kidogo kuliandika hilo, kwa sababu walimu tunapokutana huwa tunalalamika tu, lakini niliipenda tangu asubuhi ya kwanza.

Nilipanga chumba cha uani kwa Bi Zena. Kilikuwa na kitanda cha chuma kilichopiga kelele nikipumua, dirisha moja la mbao, na ukuta ambao fundi aliuishia njiani: ulifika usawa wa kichwa cha mtu mrefu, kisha juu yake pakabaki wazi mpaka kwenye bati. Nyumba haikuwa na dari. Neno lililosemwa sebuleni lilisikika uani, na chafya ya uani iliombewa afya sebuleni. Bi Zena alikuwa mjane wa miaka kama arobaini na mitano, mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, na aliishi na mdogo wake ambaye sauti yake hatukuisikia sana kwa sababu nafasi ilikuwa imeshajaa. Usiku wangu wa tatu niliwasikia wakinijadili. "Huyu binti hapiki," alisema Bi Zena, "anachemsha tu." Mdogo wake akasema kitu. "Tumfukuze?" Bi Zena akajibu. "Mpangaji anayekula kidogo hivi utampata wapi?" Kesho yake jioni nilikuta mlangoni pangu sahani ya wali na choroko za nazi, imefunikwa kwa sahani nyingine. Sikuuliza, naye hakusema, na sahani iliendelea kuja hivyo mwaka mzima. Siku za mlenda nilijua mapema kwa harufu, nikawahi kusonga ugali ili angalau na mimi nionekane nimechangia.

Bi Zena alifyatua na kuchoma matofali, na kama wafanyavyo wengi kule, alichoma kwa pumba za mpunga. Pumba zilitoka kwenye mashine za kukoboa, zikajazwa kwenye tanuru na kuzungushiwa nje, na moto wake hauwaki kwa ndimi. Unatambaa ndani kwa ndani, siku baada ya siku, na kwa nje unaona kilima cha kijivu kimetulia. Mtoto wa Kilosa anajua tangu anapojifunza kutembea kwamba kilima hicho hakikanyagwi. Mimi sikuzaliwa Kilosa. Wiki ya kwanza, nikiwa nawahi chooni, niliamua kukatiza juu yake. Mguu ulizama mpaka kifundo na nikapiga ukelele ambao nadhani ulifika Munisagara. Bi Zena alitoka mbio na sufuria ya maji, akanimwagia, akaniketisha chini, ndipo akauliza, "Nani alikwambia huo ni udongo?" Nilichechemea wiki mbili, na wanafunzi wangu wa darasa la saba, ambao hawakuwa na huruma hata chembe, walikuwa wakichechemea nyuma yangu kwa mstari nikielekea ofisini.

Katika Jiografia ya darasa la saba kulikuwa na volkano. Kitabu kilikuwa na picha moja na aya moja juu ya majivu ya moto yanayoshuka mlimani, na darasa zima lilikuwa na vitabu vitatu. Wanafunzi walipenda sana habari za uji wa moto unaotoka mlimani, lakini nilipofika kwenye majivu walicheka waziwazi. Majivu! Majivu ndiyo tunayosugulia masufuria. Majivu ndiyo tunayochanganya na mahindi ili yasitobolewe na dumuzi, na ndiyo yanayomwagwa chooni kukata harufu. "Mwalimu, kwani Kilosa kuna volkano?" akauliza mmoja. Nikasema hakuna. "Sasa?" Nikasema litatoka kwenye mtihani, jibu ambalo mwalimu hulitoa akiwa hana jibu. Usiku ule nikawaza, na kesho yake nikawaletea mafuriko. Pale hapana mtoto asiyejua mafuriko ya mto Mkondoa. Nikawaambia, haya ni mafuriko, ila ni ya majivu na gesi ya moto. Ni mazito, yanalalia ardhi, yanafuata mabonde na makorongo kama mto unavyofuata njia yake. Sasa mafuriko yakija, mnafanyaje? Darasa zima likajibu kwa pamoja: "Tunapanda juu!" Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba usalama ni kupanda sehemu ya juu iliyo karibu. Wote wakaelewa kwa mara moja, na mimi nikatembea mpaka nyumbani nimenyoosha shingo kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Ndipo taarifa ikaja kwamba mkaguzi atafika Alhamisi, na kwamba atakaa darasa la saba, Jiografia. Sifa zake zilikuwa zimetangulia. Alitaka vitendo. Ilisemekana alimwandikia vibaya mwalimu mmoja wa Ruaha kwa kufundisha kilimo cha miwa bila kuleta darasani hata kipande cha muwa, na Ruaha ile miwa imeizunguka shule pande zote. Mimi ningeleta nini? Mlima? Jioni nilifunga mlango nikafanya mazoezi mbele ya kitanda. "Wanafunzi, majivu ya volkano yanapochanganyika na gesi..." Kutoka sebuleni ikaja sauti: "Huku nyuma hatusikii, mwalimu!" Nikaongeza sauti. Nilipomaliza, ikaja tena: "Hayo majivu yanatiririka kweli au unawadanganya watoto wa watu?" Nikamwambia kitabu kinasema hivyo. "Kitabu," alisema Bi Zena. "Majivu ya pumba yakitoka tanuruni bado yana moto, ukiyapekenyua yanakimbia kama maji. Mimi nimeyaona, sijasoma popote." Nikakaa kitandani, kitanda kikapiga kelele. Nikamuuliza kama anaweza kunipa mkokoteni mmoja wa majivu hayo siku ya Alhamisi.

Nyuma ya darasa la saba palikuwa na korongo lililochimbwa na maji ya mvua, lenye mteremko mkali, likishuka moja kwa moja kisha likipinda ghafla kulia kabla ya kuishia uwanjani. Mpango ulikuwa mwepesi. Juu kabisa tungerundika majivu nyuma ya bati, Mwalimu Sospeter alivute bati nikinyanyua mkono, majivu yashuke korongoni, wanafunzi waone yanavyofuata bonde. Sospeter alikuwa mwalimu mpya kama mimi, kijana wa familia ya wafugaji kule Rudewa, aliyezoea kuswaga ng'ombe mia. Akaniambia bati moja halimsumbui. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba Bi Zena, kwa kuona aibu yangu ni aibu yake, hakuleta mkokoteni mmoja. Alileta mitatu. Na hakuchota majivu ya juzi yaliyopoa, alifungua tanuru asubuhi ile ile, akayachekecha yakawa laini kama unga wa sembe. "Mpangaji wangu haaibiki mbele ya mgeni," alimwambia Sospeter. Nilipofika na kukiona kilima kile nyuma ya bati, roho ilisita, lakini mkaguzi alikuwa ameshaingia getini.

Alikuwa amesafiri kwa lori kutoka Mikumi, na kwa kulijua vumbi la ile barabara, suti yake aliibeba ndani ya mfuko. Akaomba ofisi ya mwalimu mkuu, akabadilisha nguo, akatoka ndani ya suti nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ya suruali ingeweza kukata mkate. Sijawahi kuona mtu msafi vile Kilosa. Akakaa nyuma ya darasa, akasikiliza mafuriko yangu, akaona wanafunzi arobaini na watatu wakipaaza sauti "Tunapanda juu!", akaandika. Tukatoka nje. Niliwapanga wanafunzi mbali, karibu na uzio. Yeye akaniuliza, "Mwalimu, mahali salama ni wapi?" Nikamwonyesha kwa mkono ukingo wa korongo, pale kwenye kona, sehemu ya juu kuliko zote upande ule. "Hapo, mzee. Majivu ni mazito, yatapita chini." Akapanda, akasimama na daftari lake kifuani. Nikanyanyua mkono.

Kwanza kilitokea kile nilichofundisha, na nataka hilo likumbukwe. Yale majivu hayakuporomoka kama mchanga, yalitiririka. Yalijaza korongo, yakalala chini, yakashuka bila sauti, hata wanafunzi wakanyamaza, na mimi moyoni nikasema Mungu wangu, kitabu hakikusema uongo. Kisha yakafika kwenye kona. Sehemu nzito ya chini ilipinda kulia kama ilivyotakiwa. Lakini juu yake palikuwa na wingu, jepesi, lenye joto, ambalo sikulifikiria kabisa, na lile wingu halikupinda. Lilikwenda moja kwa moja. Liliacha bonde, likapanda ukingo kama vile halikuwahi kusikia habari za Mkondoa, na likamkuta mkaguzi amesimama mahali salama. Hatukumwona kwa muda. Wanafunzi wa karibu na uzio, watoto wa mafuriko, walipoona hatari walifanya walichofundishwa na wazazi wao na mimi: walikimbia kwa kelele wakapanda ukingo ule ule, wakaingia ndani ya wingu wote arobaini na watatu. Mwalimu mkuu naye akawafuata. Sospeter aliniambia baadaye kwamba ng'ombe wangekuwa na akili zaidi.

Joto lake lilikuwa kama la maji ya kuoga, hakuungua mtu, na hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Wingu lilipotua, ukingoni palikuwa na umati wa watu wa kijivu wakikohoa, na katikati yao mmoja ameshika daftari. Alifungua macho, yakawa mekundu mawili. Alisema, "Maji." Aliyemwitikia ni Bi Zena, ambaye muda wote alikuwa amejibanza nyuma ya mpapai kuangalia majivu yake yakifanya kazi. Akamshika mkono, pole baba, pole baba, akampeleka kwake hatua chache tu kutoka shuleni. Mimi nilibaki nimesimama nilipokuwa, majivu yamenitapakaa usoni. Mwalimu mkuu alipita karibu yangu akikung'uta majivu masikioni, akaelekea ofisini. Nilijiona niko stesheni na godoro kichwani. Lakini kilichoniuma, na naapa kwamba kiliniuma kuliko hofu ya kufukuzwa, ni vile watoto walivyokimbilia kule juu. Mimi ndiye niliyewaambia. Ingekuwa ni mlima wa kweli, ningekuwa nimelipeleka darasa zima kwenye kifo, kwa mwandiko mzuri.

Nusu saa baadaye mkaguzi alirudi. Alikuwa ameoga, amekula wali, na amevaa kanzu ya marehemu mume wa Bi Zena, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa mfupi sana, kwa hiyo kanzu iliishia magotini. Bi Zena alikuja nyuma yake amebeba suti kwenye beseni, na alipofika mlangoni mwa darasa hakuondoka. Alisema majivu ni yake, basi na somo analisubiri liishe. Mkaguzi akasimama mbele ya ubao, na hakuna mtoto aliyethubutu kucheka. "Mwalimu wenu alisema kule juu ni salama," alisema. "Mimi nilikuwa kule juu. Nani ataniambia nilikosea wapi?" Mmoja akasema alikosea kusimama kwenye kona. Mwingine akasema angepanda mti. Wa tatu akasema tatizo ni suti.

"Ulikosea kuwepo, baba," alisema Bi Zena mlangoni.

Mkaguzi akageuka. Bi Zena akatua beseni. "Mafuriko unapanda juu, unakaa, unayatazama yanapita. Nimeshakaa juu ya paa la nyumba yangu siku mbili na kuku wangu. Lakini tanuru likiporomoka, baba, hukimbilii juu wala chini. Zito linapita chini, jepesi linakufuata uliko. Dawa yake ni uwe umeshaondoka tangu lilipoanza kulia. Mtu aliyebaki mpaka kulitazama, huyo amechelewa." Kisha akakumbuka alipo, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Samahanini walimu."

 Mkaguzi akanitazama mimi. "Hilo ulilijua?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningesema nililipanga, kwamba kosa lile lilikuwa sehemu ya zoezi, na pengine angeniamini, maana kwa kanzu ile hakuwa na nguvu ya kubisha. Nikasema, "Hapana, mzee. Niliwafundisha watoto uongo bila kujua. Nimelijua leo, pamoja na wewe."

Akafungua daftari lake, akapuliza majivu kwenye ukurasa, akaandika kwa muda mrefu huku akilishikilia lile vazi kwa mkono wa kushoto lisipande zaidi. Kisha akalifunga. "Kesho utarudia somo hili," alisema. "Utaanza na kosa lako."

Sikujizuia. Nilimuuliza mbele ya wanafunzi wote, "Mzee, kesho nitakuwa bado mwalimu?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi kuliko yote siku ile. "Kwani nani mwingine atalirudia?" alisema.

Nikalia pale pale. Machozi yakashuka kwenye majivu yakawa matope usoni, wanafunzi wangu wa kijivu wakaanza kucheka, mkaguzi naye akacheka mpaka kanzu ikapanda juu ya magoti, na Bi Zena akaja na upindo wa kanga yake akanipangusa, akisema nitulie, nitulie, mwalimu halii mbele ya watoto wake.